Karatasi ile ilikuwa na kazi gani? Kisa cha magari ya wagonjwa London

Hadi Oktoba 1992, mtu akianguka ghafla popote London na jirani akapiga 999, namba ya dharura ya Uingereza, habari zake zilisafiri kwa karatasi. Mpokea simu katika chumba kikuu cha kuongozea magari ya wagonjwa alijaza fomu kwa mkono: kimetokea nini, wapi, anayepiga ni nani. Kisha alifungua kitabu cha ramani, akautafuta mtaa, akaandika namba ya mraba wake. Fomu aliiweka kwenye mkanda unaotembea, mfano wa ule wa mizigo uwanja wa ndege, nao ukaivusha hadi upande wa pili wa chumba. Huko alikuwapo mwingine wa kuzikusanya fomu, kuangalia kama ajali ileile haijaletwa tayari na mpita njia mwingine, na kumpa mgawaji wa eneo husika. Mgawaji aliamua gari lipi liende, akaandika juu ya fomu ileile, na mwenzake akaita kituo kwa simu au gari kwa redio. Yote hayo yalitakiwa yaishe ndani ya dakika 3.

Ukiitazama kazi hiyo kwa jicho la mtu wa kompyuta unaona ucheleweshaji kila kona. Mitaa inatafutwa kwa kidole. Fomu inaweza kudondoka. Kujua kwamba simu tatu zinahusu ajali moja kunategemea mtu mmoja kukumbuka alichosoma dakika tano zilizopita. Mpiga simu akirudia kuuliza gari liko wapi, lazima mtu anyanyuke kitini aende kuitafuta fomu yake. Na mji wenyewe si mdogo: zaidi ya kilomita za mraba 1,500, wakazi wapatao milioni 6.8 wakati huo, simu 2,000 hadi 2,500 kwa siku, nyingi zake za dharura.

Kwa hiyo niliweke wazi mapema: viongozi wa London Ambulance Service, shirika la magari ya wagonjwa la jiji hilo, waliotaka kompyuta hawakuwa wajinga. Tatizo walilotaka kulitatua lilikuwapo kweli. Kisa hiki kinanivutia kwa sababu shirika lilelile, lenye kazi ileile na wengi wa watu walewale, liliingiza kompyuta mara mbili katika miaka minne. Mara ya kwanza likaanguka kwa kishindo kilichosikika duniani kote. Mara ya pili likapewa tuzo.

Mashine iliyotaka kila kitu

Jaribio la 1992 lenyewe lilizaliwa juu ya kaburi la lingine. Mradi wa awali uliachwa mwaka 1990 baada ya kumeza pauni milioni 7.5, kwa kuwa ulishindwa kubeba mzigo ulipopimwa. Uongozi mpya ukaamua kufanya jambo kubwa zaidi, na kwa haraka zaidi. Mfumo mpya ungeujua mtaa wenyewe. Ungejua kila gari liko wapi kwa ishara za redio. Ungechagua gari linalofaa na kulitumia agizo kwenye skrini ndogo iliyo mbele ya dereva. Mpokea simu mmoja angeweza kumaliza kazi nzima, na mgawaji angeitwa pale tu mashine inaposhindwa kupata gari.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kazi iliyokuwa kiini cha chumba kile, ya kuamua nani aende wapi, iligeuzwa kuwa kazi ya akiba.

Kuhusu zabuni nitapita haraka, maana sehemu hii inafanana na miradi mingi iliyoharibika. Washauri wa nje walikuwa wamekadiria pauni milioni 1.5 na miezi 19 kwa mfumo ulio tayari sokoni, na fedha na muda zaidi kama hautapatikana. Mkataba ukasainiwa kwa chini ya pauni milioni 1, na tarehe ya kukamilika ikawekwa 8 Januari 1992, ambayo mfumo haukuifikia. Mzabuni aliyeshinda alikuwa nafuu mno kuliko waliomfuatia, na ndani ya bei yake programu ya kugawa magari, yaani moyo wa mradi, ilitengewa pauni 35,000. Kampuni iliyoandika programu hiyo ilikuwa ndogo na haikuwa na uzoefu wa mifumo ya huduma za dharura. Hakuna aliyesimama akauliza kwa nini wengine wote wanaona kazi hii ni ghali.

Lakini bei siyo iliyowaangusha. Mahusiano kazini yalikuwa mabaya kabla kompyuta hazijaingia. Wahudumu wa magari ya wagonjwa walikuwa wametoka kwenye mgogoro mrefu wa mishahara wa 1989 na 1990. Kisha uongozi ukapangwa upya na nafasi nyingi za mameneja zikafutwa. Katikati ya hali hiyo, mahitaji ya mfumo yaliandikwa na kikundi kidogo, bila wahudumu wa magari kushirikishwa ipasavyo. Baadhi ya wakubwa walitarajia kwamba kompyuta ndiyo itakayowanyoosha hao wahudumu: gari litatumwa na mashine, na hakutakuwa na wa kubishana naye.

Nadhani hapo ndipo mradi ulipokufa, mwaka mzima kabla haujawashwa. Mfumo ulihitaji taarifa karibu kamilifu kuhusu kila gari, na taarifa hizo zingetoka kwa watu walewale ambao mfumo ulikusudiwa kuwabana.

Miezi ya mwanzo ya 1992 iliongeza chumvi kwenye kidonda. Mfumo uliingizwa vipande vipande na skrini ziliganda mara kwa mara. Mafunzo yalitolewa mapema, tarehe ya kuanza ikasogezwa na kusogezwa tena, na siku ilipofika wengi walikuwa wamesahau walichofundishwa. Tena wa chumbani walifunzwa peke yao na wa magarini peke yao, kana kwamba hawataongea kamwe.

Jumatatu ya tarehe 26

Asubuhi ya 26 Oktoba 1992 mfumo uliwashwa kwa London nzima kwa mpigo. Hitilafu 81 zilizokuwa zinajulikana hazikuwa zimerekebishwa, na mfumo mzima haukuwahi kupimwa chini ya mzigo wa siku halisi. Na kuna jambo ambalo mimi naliona zito kuliko hitilafu zote hizo: siku hiyohiyo chumba kilipangwa upya. Wagawaji waliozoea kukaa karibu na wenzao wa eneo lao, wakinong'onezana na kutazamana, walihamishiwa sehemu mpya. Fomu za karatasi ziliondolewa.

Chukua gari moja tu tulifuate. Wahudumu wanamfikisha mgonjwa hospitali, wanambeba hadi ndani, wanarudi na kubonyeza kitufe cha "tuko huru". Lakini wamesimama mahali ambapo redio haishiki vizuri, au wamebonyeza kitufe kisicho chake, au asubuhi walichukua gari tofauti na lile ambalo mfumo unadhani wamelichukua. Kwenye kompyuta gari hilo bado lina kazi. Mtaa wa pili mtu anaanguka. Mfumo hauwaoni hawa walio karibu, unatuma gari la mbali, au unatuma magari mawili kwa mgonjwa mmoja.

Zamani kosa la aina hiyo lilikufa palepale. Mgawaji alikuwa na ramani ya mji kichwani na alizijua tabia za vituo vyake; angesema kwenye redio, "Nyie si mlishamaliza pale? Haya, nendeni." Sasa kosa halikuwa na wa kulisahihisha. Likazaa ujumbe wa tahadhari kwenye skrini, kwamba kuna simu isiyo na gari au gari lisilojibu. Jumbe zikaongezeka hadi orodha ikawa inapanda na kupotea juu ya skrini kabla mtu hajaisoma. Kila ujumbe uliopotea ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa akachoka kusubiri, akapiga tena, na simu yake ya pili ikaingia kama tukio jipya. Mfumo ukazidiwa, ukapunguza mwendo, jumbe zikaongezeka tena. Nao wahudumu, walipoona wanatumwa mbali wakati mgonjwa yuko karibu, wakaanza kutumia redio kwa sauti na kuviacha vitufe. Redio ikajaa, na taarifa za mfumo zikazidi kuharibika.

Magazeti yalisimulia habari za gari lililofika na kukuta maiti imeshachukuliwa na wenye kazi ya mazishi, na la mgonjwa wa kiharusi aliyefikiwa baada ya muda wa saa kumi na moja, wakati alikuwa ameshajipeleka hospitali mwenyewe. Mchana wa tarehe 27, mnamo saa 8, chumba kilirudi kwenye utaratibu wa nusu mkono nusu mashine. Tarehe 28 mtendaji mkuu alijiuzulu.

Tume ya uchunguzi, iliyotoa ripoti Februari 1993, ilisema jambo ambalo hadi leo watu huliruka wanapokisimulia kisa hiki: katika siku hizo mbili kompyuta haikuharibika. Kwa maana ya kiufundi ilifanya kile ilichoundwa kufanya.

Kuharibika kwenyewe kulikuja 4 Novemba, saa 8 usiku na kitu. Mfumo ulipunguza mwendo, kisha ukaganda kabisa, na kuuzima na kuuwasha hakukusaidia. Chanzo kilikuwa kipande kidogo cha programu alichokiacha mtengenezaji wiki kama tatu nyuma. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilichukua sehemu ndogo ya kumbukumbu ya seva, yaani kompyuta kuu iliyohudumia nyingine, na hakikuirudisha. Tone kwa tone, kumbukumbu ikaisha. Seva ya akiba haikupokea kazi, kwa kuwa ubadilishanaji huo ulikuwa umeandaliwa kwa hatua ya awali ya mfumo, iliyochapa simu kwenye karatasi kwa printa. Wafanyakazi walisikiliza rekodi za sauti za simu zilizokuwa zimeingia, wakaandika upya, wakatuma magari kwa mkono. Usiku ule karatasi iliokoa kazi.

Walimu wa programu wanalipenda sana tone hili, kwa sababu ni kosa safi, lina mstari wake na lina tiba yake. Nami naona limependwa kupita kiasi. Hata kama kumbukumbu ya seva isingeisha maisha, mfumo ule ulikuwa umeshakataliwa na kazi yenyewe wiki moja kabla.

Kazi ambazo hazikuwa kwenye fomu

Turudi kwenye karatasi. Fomu ilikuwa na nafasi za kujaza: anwani, tatizo, saa. Walioandika mahitaji ya mfumo walizichukua nafasi hizo na kuzihamishia kwenye skrini. Lakini karatasi ilikuwa inafanya kazi nyingine ambazo hazikuchapishwa juu yake. Rundo la fomu mbele ya mgawaji lilimwambia amelemewa kiasi gani, na lilimwambia na jirani yake pia, akamsaidia bila kuombwa. Fomu iliyowekwa upande ilimaanisha "hii bado inanisumbua." Mwandiko ulionyesha nani aliipokea simu, ili umuulize. Na kwa kuwa karatasi ilipita mikononi mwa watu watatu au wanne, kila mmoja alipata nafasi ya kugutuka: mbona mtaa huu sijausikia, mbona hii inafanana na ile ya sasa hivi.

Mwenye kuchora mchoro wa mfumo huiita hali hiyo kuchelewa: mikono minne pale ambapo mmoja ungetosha. Mikono ile minne ilikuwa ndiyo ukaguzi wa mfumo mzima, na haikuwa imeandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kuiandika.

Ndiyo maana neno "upinzani wa wafanyakazi" hunikera ninapolisoma kwenye taarifa za miradi. Wapo wanaokataa mabadiliko kwa uvivu au kwa kulinda maslahi, sikatai, na London hawakukosekana. Lakini mara nyingi anayegoma kubonyeza kitufe anakuambia kitu kuhusu kitufe. Wahudumu walioviacha vitufe tarehe 26 walikuwa wanajaribu kumfikia mgonjwa.

Polepole, na umeme kwanza

Baada ya aibu ile, jambo rahisi lingekuwa kuapa kutogusa kompyuta tena, au kununua nyingine haraka ili kufuta fedheha. Tume ilishauri kuendelea, lakini kwa muda wa kutosha na kwa kuwashirikisha wafanyakazi kikamilifu. Chini ya mtendaji mkuu mpya, Martin Gorham, shirika lilikaa miaka kadhaa na karatasi yake, likishughulikia kwanza uhusiano na wafanyakazi na hali ya magari. Mwaka 1994 akaingia Ian Tighe kuongoza upande wa teknolojia.

Mwaka huohuo msichana mdogo alifariki mashariki mwa London baada ya kusubiri gari kwa karibu saa nzima, ilhali hospitali haikuwa mbali. Bunge likaja juu, uchunguzi mwingine ukafanyika. Hebu fikiria shinikizo hilo: nchi nzima inauliza mbona mnaandika kwa kalamu mwaka 1994. Kiongozi mwepesi angetangaza tarehe ya uzinduzi siku hiyohiyo.

Tighe alianza na mambo ambayo hayazinduliwi na waziri: umeme wa uhakika, mfumo wa simu, chumba chenyewe cha kazi. Programu haikupewa kampuni ya nje. Iliandikwa na timu ndogo ndani ya shirika, kwa njia ya kutengeneza kipande, kukiweka mbele ya wapokea simu, kuwasikiliza wakilalamika, na kukirekebisha. Hapakuwa na tarehe ya mwisho ya kuwakimbiza. Anayelipwa kwa kutimiza tarehe ataona huo ni uzembe, lakini tarehe ndiyo iliyowaua mara ya kwanza.

Kilichowashwa 17 Januari 1996 kilikuwa kidogo kuliko ndoto ya 1992, tena kwa makusudi. Mpokea simu aliandika habari kwenye skrini badala ya fomu, na mashine ikamtafutia anwani. Basi. Uamuzi wa gari lipi liende ulibaki kwa mgawaji.

Tazama walipopagusa kwanza: kitabu cha ramani. Ndicho kipande kimoja ambacho kila mtu chumbani alikichukia, ambacho mashine inakiweza kweli, na ambacho kukiondoa hakumnyang'anyi mtu heshima ya kazi yake. Mpokea simu alionja faida siku ya kwanza, kwenye simu ya kwanza. Tume ya 1993 ilikuwa imesema imani ya wafanyakazi ijengwe upya. Sioni njia ya kuijenga iliyo bora kuliko kumtua mtu mzigo anaoujua.

Baadaye wakaongeza jambo ambalo karatasi isingeliweza kamwe. Mgawaji aliweza kuiona simu kwenye skrini yake wakati mpiga simu bado anaongea. Fomu ilikuwa haiondoki mezani hadi ijae. Sasa mtaa ukishajulikana, mgawaji ameshaanza kutazama nani yuko karibu, na mpokea simu bado anauliza mgonjwa anapumua au hapumui. Mwaka 1997 jumuiya ya wataalamu wa kompyuta ya Uingereza, British Computer Society, iliwapa tuzo ya usimamizi bora wa mifumo ya taarifa.

Wapo wanaosema mafanikio ya 1996 yalitokana na fedha na teknolojia bora tu. Ni kweli kwamba mashine za 1996 zilikuwa na nguvu kuliko za 1992, na shirika lilipata magari na watu zaidi. Lakini ukiuweka mfumo ule wa kwanza juu ya mashine za pili, bado wahudumu wangevibonyeza vitufe vilevile kwa hasira ileile.

Baadaye

Programu ile iliyoandikwa ndani ya shirika ilidumu zaidi ya miaka 15. Juni 2011 shirika lilijaribu kuhamia mfumo mwingine wa kununua, na siku ya kwanza mambo yakaenda mrama tena: mfumo ukawa mzito, wafanyakazi wakashika kalamu. Safari hii, hata hivyo, mfumo wa zamani ulikuwa haujang'olewa. Waliurudia, wakajipa miezi ya kurekebisha na kujaribu, na Machi 2012 wakahamia tena, wakabaki huko. Vyombo vya habari havikuwa na mengi ya kuandika.

Usiku wa kuamkia 1 Januari 2017, usiku wenye simu nyingi kuliko karibu usiku wowote wa mwaka, kompyuta za chumba kile zilizima dakika 30 baada ya mwaka kuingia, na hazikurudi hadi alfajiri, saa 11 na robo. Shirika lilieleza kwamba watu wake wamefunzwa kwa hali kama hiyo, na kwamba simu ziliandikwa kwa mkono na magari yakatumwa. Fomu zilikuwapo, na waliokaa mbele yake walijua za kwanza ziende kwa nani.